Upande wa Kushoto wa Baba

Jumatatu, 3 Machi

Leo biolojia. Mwalimu Neva alichora ubongo ubaoni. (Tunamwita hivyo kwa sababu ya mada anayoipenda. Hajui—au anajua na amenyamaza.) Mchoro ulitoka kama kabichi lililopasuliwa katikati. Darasa zima likacheka. Mimi sikucheka, nilikuwa naandika.

Alisema ubongo una nusu mbili, na hazitazami watu kwa namna moja. Nusu ya kulia ni hodari kumtambua mtu mmoja mmoja: huyu ni fulani, mkaidi, anapenda kuimba. Nusu ya kushoto ni hodari kwa makundi: hawa ni madereva, hawa ni wageni, hawa ni wanafunzi. Basi, kazi imekwisha, inapumzika. Tena njia zimepishana! Kilicho upande wako wa kushoto hufika kwanza kwenye nusu ya kulia. Kilicho kulia hufika kwanza kwenye nusu ya kushoto.

Akasema huo ni mwelekeo tu, si ukuta. Nusu hizo huongea muda wote kama majirani wa pazia moja. "Mmesikia, nyie Kidato cha Pili?"

Nyie! Na wote tulikuwa kulia kwake.

Nikamfikiria Baba.

Baba ana mabinti watano. Majina yetu yote yanaanza na S. Aliyachagua mwenyewe, kwa furaha, bila kutazama mbele. Sasa akimtaka mmoja wetu anaanza, "Sss..." kama tairi la baiskeli linalotoka upepo. Upepo unaisha, jina halijatoka, anasema, "We nani, njoo." Tukiwa pamoja tunakuwa "nyie" na mambo yanakwisha. Hata hivyo, wenzangu wana pa kushikwa. Dada Mkubwa ni mkubwa. Mapacha ni mapacha, ukimkosa mmoja umempata mwenzake. Kitinda ni mdogo na analia. Mimi niko katikati. Mwezi uliopita mteja alimuuliza ana watoto gani. Nilikuwepo. Akasema: kuna mkubwa, kuna mapacha, kuna kitinda mimba, na yule mwingine.

Si kwamba jina langu halijui. Ndiye aliyenipa! Ila halitoki.

Na sasa hili. Mwalimu Mkuu ametangaza Siku ya Wazazi, Jumamosi ya wiki ijayo. Mwaka huu walimu hawataita wanafunzi. Kila mzazi atasimama amtambulishe mwanawe kwa jina, kisha aseme jambo moja juu yake ambalo shule hailijui. Mama yuko kwa mama mdogo aliyejifungua, harudi mpaka mwisho wa mwezi. Nyumbani ni mimi peke yangu ninayesoma shule hii. Kwa hiyo atakuja Baba. Kwa ajili yangu tu.

"Huyu ni Sss..."

Mbele ya ukumbi mzima.

Lakini sayansi ipo. Lazima nikae kushoto kwake.

Jumanne, 4 Machi

Nimeanza. Wakati wa chakula nilikaa kushoto kwa Baba, mahali pa Dada Mkubwa. Yeye anajifunza ushonaji na mdomo wake ni kama mkasi. Akasema hapo ni pake tangu mimi sijawa hata wazo. Nikamwambia ni kwa ajili ya jaribio. Akauliza jaribio gani la kukaa karibu na bakuli la nyama. Nikamwomba kwa heshima. Akakubali, ila nioshe vyombo mpaka Siku ya Wazazi ipite.

Mapacha, Kitinda na Dada Mkubwa wote wakabanana kulia kwa Baba kama abiria wa mtumbwi. Baba akaingia, akatazama meza. Akauliza kama nyumba imeinama.

Halafu akageuka kushoto! Akanitazama! "We nani, nipe chumvi."

Najua, "we nani" si jina. Lakini mwalimu wa Kiswahili angesema hiyo ni nafsi ya pili, UMOJA. Jana nilikuwa wingi. Leo ni umoja.

Niliosha vyombo nikiimba.

Alhamisi, 6 Machi

Baba ni kinyozi. Duka lake lina viti viwili vya kuzunguka, benchi la wanaosubiri, kioo kimoja kirefu ukuta mzima, na harufu ya spiriti na poda. Kiti cha pili ni cha mwenzake, Kiwembe, ambaye anaongea zaidi ya anavyonyoa.

Nimekwenda jana na leo baada ya shule kufagia nywele, kumbe naendelea na jaribio. Nikagundua tatizo kubwa. Baba akiwa kazini anamtazama kila mtu kupitia kioo. Na kioo hugeuza! Kushoto kuwa kulia, kulia kuwa kushoto. Nilifikiri mpaka kichwa kikaniuma. Nikaamua: dukani lazima nisimame kulia, ili kioo kinirudishe kushoto.

Nikasimama kulia siku zote mbili, nimenyooka, nimeshika ufagio.

Baba, bila kugeuka: "Nyie, leteni taulo."

Nyie! Leteni! Nilikuwa peke yangu! Nikatazama nyuma yangu. Palikuwa na ndoo.

Kiwembe akacheka mpaka akazima mashine. Akasema lete basi, na ndoo ikusaidie.

Nimeona jambo jingine pia. Mwanamume mmoja aliingia na kofia, akamsalimia Baba kwa furaha, wakashikana mikono. Nikaona wazi kwamba Baba hamjui, maana alikuwa anasema "naam, naam" tu. Mtu akavua kofia, akakaa, akageuza shingo. Baba akapiga kelele: "Aaa! Makunyanzi Matatu! Umepotea wapi, ndugu yangu? Yule mkwe wako alipona?" Akajua mpaka habari za mkwe! Kumbe anawajua kwa visogo. Sura kwake ni kama bahasha ya kahawia, zote sawa. Kisogo ndicho barua.

Sijui hili linaingia wapi kwenye nusu za ubongo.

Ijumaa, 7 Machi

Nilimuuliza Mwalimu Neva habari za kioo. Akatoa kioo kidogo mfukoni (anacho kwa ajili ya kuchana ndevu), akaniambia niinue mkono wa kushoto. "Upo upande gani wa kioo?" Kushoto. "Basi kioo hakijageuza upande wowote, wewe wa dirishani."

Siku mbili nimesimama upande wa makundi! Kwa hiari yangu! Nikiwa na ndoo!

Lakini tazama: niliposimama kulia niliitwa "nyie", tena nikiwa mmoja. Kosa langu limethibitisha nadharia. Nimefurahi kidogo, na nimehuzunika kidogo.

Jumamosi, 8 Machi

Nimefanya jambo. Naliandika kama lilivyo.

Siwezi kumfuata Baba kushoto maisha yangu yote. Anageukageuka. Basi nikawaza: je, kama kulia kusingekuwepo? Asubuhi, Baba akiwa anaoga, nilichukua miwani yake. Nikakata ile karatasi laini wanayomfunga mteja shingoni, nikaibandika kwenye nusu ya kulia ya kila kioo cha miwani. Zote mbili, maana Mwalimu Neva alisisitiza kwamba si suala la jicho gani, ni suala la upande gani. Nilitumia gundi ya shule. Nilipima na rula.

Baba akavaa. Akasimama. Akasema ukungu umeingia mpaka ndani siku hizi. Akaenda kazini hivyo hivyo, kichwa amekipinda kama kuku anayeitilia shaka punje.

Nikamfuata. Nikasimama kushoto.

Sikujua kwamba leo Mwalimu Mkuu angekuja kunyolewa.

Alikaa, akafumba macho, na kama kawaida yake akasinzia kabla hajafunikwa kitambaa. Baba akafanya kazi kwa utulivu mkubwa. Upande wa kushoto ulipendeza kweli. Zile nywele za mbele ya sikio zilikatwa juu, safi, kama zimechorwa. Upande wa kulia Baba aliupitia kwa kukisia. Zimebaki ndefu, zinashuka mpaka karibu na taya, na mwisho zimejipinda.

Kiwembe aliona. Nilimwona anaona. Akafungua mdomo, akaufunga, akatoka nje kukung'uta taulo ambalo lilikuwa limekwisha kukung'utwa.

Mwalimu Mkuu akaamka, akavaa kofia yake bila kujitazama, akashukuru, akaenda.

Mungu nisaidie.

Jumapili, 9 Machi

Baba bado na miwani. Nilikuwa namshonea kifungo cha shati (nimekaa kushoto, ni kawaida sasa). Akanitazama. Akanitazama tena. Kisha akauliza nina kovu gani hapa, juu ya nyusi.

Nikamwambia ni mlango wa duka lake, Baba. Nilikuwa na miaka mitano. Wewe ndiye uliyenibeba.

Akaligusa kovu kwa kidole. Akasema anakumbuka kumbeba mtoto, anakumbuka damu kwenye shati, anakumbuka anakimbia mpaka kiatu kinamvuka. "Ni wewe yule?"

"Ni mimi."

"Pole sana, Sss... pole sana, we nani."

Karibu! Karibu sana!

Halafu akavua miwani apanguse macho, na kucha ikanasa kwenye karatasi.

Nilimweleza yote. Kabichi, nusu mbili, njia zilizopishana, kushoto na kulia. Baba alisikiliza kama anavyomsikiliza mteja mwenye mba, bila kukunja uso. Mwishowe akauliza: kwa hiyo nusu ya kushoto ndiyo inayosema nyie?

Ndiyo, Baba.

Na hii nyingine inajua kila mtu?

Inajaribu, Baba.

Akasema basi ndani ya kichwa chake kuna karani mmoja mvivu na mmoja mwenye bidii, na mvivu ndiye amepewa ufunguo wa mdomo. Akacheka. Kisha akakumbuka kitu. Akaacha kucheka. "Mwalimu Mkuu nilimnyoa na miwani hii?"

Nilikaza uzi.

"Upande mmoja?"

Niliangalia kifungo.

Jumatatu, 10 Machi

Gwaride la asubuhi. Mwalimu Mkuu alipanda jukwaani bila kofia. Ukimwona kushoto ni mwalimu mkuu. Ukimwona kulia ni mwimbaji wa bendi ya zamani. Akaanza kuhutubia juu ya nidhamu na unadhifu.

Tulivumilia. Nakiri tulivumilia sana. Lakini upepo ukapita, ule upande wa kulia ukapepea, na mtu mmoja safu ya Kidato cha Pili akatoa sauti kama birika. Mmoja tu! Naye hakutaka.

"Nyie mnaocheka!" akasema Mwalimu Mkuu. Nyie. "Kidato cha Pili kizima mtanyolewa vipara. Wavulana, wasichana, wote. Ijumaa. Hapa hapa shuleni. Kinyozi nitamleta mwenyewe, na nina neno naye pia."

Kinyozi ni Baba.

Nimerudi nyumbani nikakaa nyuma ya mlango. Siku moja kabla ya Siku ya Wazazi. Sare moja, vichwa vimoja, wote tunang'aa kama mayai kwenye trei. Nilitaka Baba anione mmoja. Nimetengeneza kundi kubwa kuliko yote.

Dada Mkubwa akaja akakaa karibu nami. Hakunitania, jambo lililonitisha. Akasema nimwandikie Baba jina langu kiganjani na kalamu, yaishe. Nikakataa. Kiganja kitakuwa kimesoma, si Baba.

Akasema, "Mdogo wangu, wewe unataka vitu vigumu." Kisha akaosha vyombo yeye.

Jumatano, 12 Machi

Habari zimeenea! Baba amewasimulia wateja. Leo dukani hakuna anayetaka kukaa kulia kwenye benchi. Wamebanana wote mwisho wa kushoto, benchi likainuka upande mmoja, mzee mmoja akadondoka akiwa ameshika gazeti. Hakuumia. Alikataa kuhama.

Kiwembe ndiye msemaji mkuu. Anasema sasa ameelewa ndoa yake. Mkewe hulala kulia kwake, yaani yeye Kiwembe yuko kushoto kwa mke—hapana, akaanza upya. Mkewe hulala kushoto kwake, yaani yeye yuko kulia kwa mke. "Ndiyo maana kila siku naambiwa nyie wanaume! Nyie wanaume mko hivi, nyie wanaume mko vile! Mimi mmoja, natukanwa kwa niaba ya wote!" Jumatatu akahamia upande wa pili wa kitanda.

Wakamuuliza, ikawaje?

"Jana ameniambia: si wanaume wote. Ni wewe."

Benchi zima likaanguka kwa kicheko, na safari hii kweli.

Baba alicheka pia. Lakini nilimwona kwenye kioo, mdomo wake unacheza kimya. Sss. Sss. Anafanya mazoezi. Aliponiona namtazama, akajifanya anapuliza nywele kwenye kitana.

Mama alipiga simu. Nikamweleza. Akasema baba yako anakupenda, mwanangu, ila ulimi wake ni mzito na haraka zake ni nyingi. Nikasema najua, Mama. Najua kweli. Nataka tu na ukumbi ujue.

Ijumaa, 14 Machi

Tumenyolewa.

Chini ya ukuta wa maabara, kiti kimoja, waya mrefu kutoka dirishani. Kwanza Mwalimu Mkuu, mlango umefungwa. Akatoka amesawazishwa. Kisha sisi. Baba hakutazama sura ya mtu. Nadhani aliona aibu. Macho chini, mashine inanguruma, "Inama. Haya. Mwingine! Inama. Haya. Mwingine!" Nywele zikalundikana zote pamoja, hujui za nani ni zipi.

Zamu yangu ikafika. Nilikuwa na mistari aliyonisuka Dada Mkubwa. Nikakaa. Sikusema neno, nilitaka kuona.

"Inama."

Nikainama. Mkono wake ukaja kichwani. Ukasimama.

Akazima mashine. Akaipuliza, maana ikitumika sana chuma kinapata moto. Akaijaribu kwanza kwenye mkono wake mwenyewe. Akasubiri ipoe. Kisha akaninyoa taratibu, akaanzia nyuma ya sikio la kushoto, na alipofika pale utosini ambapo nywele zangu huzunguka mara mbili kama maji yanayoingia shimoni, akapita na kidole gumba kwanza, halafu ndipo mashine.

Kwa wengine hakupuliza. Niliwauliza wote. Mmoja alinionyesha alipoungua.

Lakini nilipoinuka alisema: "Mwingine!"

Nimejitazama kwenye dirisha la maabara. Niko kama wote.

Jumamosi, 15 Machi

Naandikia gotini, ukumbini. Imeanza.

Tumepangwa kwa urefu, safu sita, tunatazama jukwaa. Mimi niko mwisho wa safu ya nne, mkono wa kulia kabisa. Kulia! Wazazi wako nyuma yetu. Akiitwa, mzazi anapanda jukwaani, anamtafuta mwanawe kwa macho, anamnyooshea kidole, anasema.

Si rahisi kwao. Vipara vimewachanganya. Mama mmoja muuza mboga amemsifu mtoto wa jirani yake kwa dakika nzima, mpaka mwanawe mwenyewe akaanza kulia safu ya pili. Fundi cherehani amesema huyu wangu ni mwenye akili, kisha akavaa miwani akasema samahani, si huyu. Mwalimu Neva anaandika kitu kwa kasi kwenye karatasi. Anaonekana na furaha.

Ameitwa Baba.

Hapandi jukwaani. Mwalimu Mkuu anasema, "Karibu mbele, mzee." Namsikia Baba, sauti yake iko nyuma: anaomba radhi, anasema yeye mbele hajui kitu. Watu anawajua kwa nyuma.

Watu wanacheka. Kiwembe yupo, namsikia anawanyamazisha, amekuja na nani? Ana mtoto hapa? Hana.

Viatu vya Baba. Vinapita nyuma ya safu ya kwanza kutoka mwisho. Polepole. Anasema chini kwa chini kama anavyosema dukani: huyu ana jipu linakuja, mama yake amwangalie. Huyu hakulala. Huyu nilimuunguza jana, nisamehe, mwanangu. Safu ya tano. Mwalimu Mkuu anauliza kama mzee anahitaji msaada. Mtu anamnong'oneza, "Mtajie tu jina, jamani!" Mwingine anasema ni yule wa pembeni, yule wa kulia!

"Nyie nyamazeni," anasema Baba.

Wote wamenyamaza. Hata feni, naona.

Safu ya nne. Viatu. Viatu. Vimesimama.

Sigeuki. Nikigeuka ataona sura, na sura haimsaidii. Huku nyuma sijui ni nusu gani ya ubongo inayofanya kazi, Mwalimu Neva hakufundisha habari za nyuma. Kalamu inateleza, mkono una jasho.

Kidole gumba. Utosini. Kinazunguka mara mbili, pale pale, kwa upande ule ule.

"Wewe," anasema. Taratibu. Umoja. "Wewe usigeuke."

Mwalimu Mkuu: "Jina, mzee?"

Baba anasema jambo ataanza nalo, jina litafuata, maana jambo liko karibu. Anasema huyu ndiye aliyeugonga mlango wa duka langu kwa kichwa chake akiwa na miaka mitano, na hakulia yeye, nililia mimi. Shule hailijui hilo. Hata yeye halijui. Alidhani ile ilikuwa damu tu kwenye shati.

Sikujua. Kweli sikujua.

"Na jina?"

Mkono bado uko kichwani. Namsikia anavuta pumzi ndefu, ndefu kuliko zote, safu nzima imeinama mbele, Kiwembe anasema jikaze ndugu yangu, na Baba ameanza, "Sss—